Muhuri Mkavu

Jua lilipochomoza Stefano alikuwa ameshajaza debe la kwanza. Aliokota bibo, akalishika kwa mkono wa kushoto, akainyonga korosho kwa mkono wa kulia mpaka ikaachia, akaitupa debeni. Bibo lenyewe akalitupa kwenye ndoo ya Bi Mwanaisha, mwenye shamba. Kazi hiyo aliifanya bila kuangalia. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa utomvu, kucha zimekuwa nyeusi, na harufu ya mabibo yaliyochacha chini ya mikorosho ilikuwa imeliingia shati lake kiasi kwamba sabuni aliyotumiwa na mama yake kutoka mjini haikuweza kuitoa.

Kwenye mfuko wa shati aliweka vipande vya muhogo mkavu. Hamu ya sigara ilipompanda, alichukua kipande akakitafuna taratibu mpaka hamu ikapita. Siku nyingine vipande vinne vilimtosha mpaka jioni. Siku hii alikuwa ametafuna viwili kabla ya saa moja asubuhi, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya mwisho katika kijiji cha Namtende, kama barua ingepatikana.

Barua hiyo aliifanyia kazi mwaka mzima. Novemba ya mwaka uliopita, kamati ya nidhamu ya Chuo Kikuu ilimsimamisha masomo akiwa mwaka wa pili. Ilimwamuru aishi na kufanya kazi katika kijiji cha ujamaa mkoani kwao, kisha arudi na barua ya mwenendo yenye sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, sahihi ya katibu wa tawi la Chama, na muhuri wa tawi, ikieleza kwamba hatumii tena pombe wala tumbaku. Barua ifike kabla ya tarehe ishirini Novemba 1976. Isipofika, nafasi yake apewe mwingine. Leo ilikuwa tarehe kumi na sita. Basi la Dar es Salaam lilikuwa linaondoka Mtwara kesho alfajiri, na baada ya hapo hakuna aliyejua, maana mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na barabara ya Rufiji ikishika matope hukatika kwa majuma. Gari pekee la kumfikisha mjini lilikuwa Land Rover ya wilaya, iliyotazamiwa kijijini saa kumi jioni.

Kosa lake lilikuwa godoro. Chuoni walilala wanne chumba kimoja. Siku ya posho walikunywa bia kwenye baa ya chuo chenyewe, wakiwa wamevaa mashati safi, na hapo hapakuwa na kosa lolote. Posho ikiisha, walinunua gongo mitaa ya jirani, wakaibeba kwenye chupa za dawa ya kikohozi na kuiita maji ya maabara. Sigara moja ilizunguka midomo minne kabla ya mtihani. Aliyeshindwa kuvuta aliitwa mtawa, na Stefano, mtoto wa karani wa bandari aliyelelewa kwa misa na rozari, hakutaka kuitwa mtawa. Kufikia mwaka wa pili alikuwa anaamka na kuitafuta chupa kabla ya viatu.

Jumamosi moja walilala mchana na sigara ya Josephu ikaangukia godoro la sponji. Lilitoboka tundu la ukubwa wa sahani, na moshi ukatoka mpaka ukumbini. Baba yake Josephu alikuwa mkubwa wizarani, basi Josephu akapewa onyo la maandishi. Stefano aliitwa mbele ya watu watano waliokaa nyuma ya meza yenye vibati vitatu vya majivu ya sigara, wakivuta na kuandika. Alipopewa kalamu aisaini hukumu yake, mkono ulimtetemeka. Mwenyekiti wa kamati aliwageukia wenzake akasema: huo ni mkono wa mlevi. Katibu akayaandika hayo kwenye kumbukumbu za kikao, na nakala ikatumwa kwa baba yake, Mzee Gaudensi, ambaye tangu siku hiyo aliwaambia watu wa bandarini kwamba kijana wake yuko utafiti.

Namtende walimwita Chuo. Miezi mitatu ya kwanza alikunywa kuliko alivyowahi kunywa popote, kwa sababu ulikuwa msimu wa mabibo na kila nyumba ilikuwa na uraka, pombe ya mabibo, ndani ya mitungi, na baadhi ya nyumba, pamoja na ya Bi Mwanaisha, zilipika uraka huo zikapata nipa, kali na nyeupe kama maji ya mvua. Bi Mwanaisha alikuwa mjane wa makamo, mwenye mikorosho ishirini na sita na mjukuu mmoja aliyesoma shule ya bweni. Ndiye aliyempikia Stefano, na ndiye aliyemuuzia. Korosho zake aliziuza kwa ushirika, akapewa karatasi, akaambiwa asubiri. Nipa ilimpa sare ya mjukuu siku hiyo hiyo.

Lakini jioni moja ya Februari alikataa kummiminia.

"Wengine wanakunywa wacheke," alimwambia. "Wewe unakunywa kama mtu anayezima moto. Mimi sitaki kuwa ndoo yako."

Hakumhubiria zaidi ya hapo. Alimpa jembe. Stefano alitetemeka siku tisa, akatapika, akamtukana, akaomba radhi, na siku ya kumi akala ugali wote. Tumbaku ilichelewa kumtoka mpaka Mei. Muhogo mkavu ulikuwa shauri la Bi Mwanaisha pia.

Saa moja na nusu alijitwika debe akateremka kuelekea nyumbani kwa Bi Mwanaisha. Mlangoni alimkuta Abdallah, mgambo wa kijiji, kavaa kaptula ya kaki na bunduki isiyo na risasi begani. Ndani vyombo vilikuwa vimetupwa katikati ya chumba, kitanda kimesimamishwa ukutani, na Bi Mwanaisha amekaa kwenye kinu kilicholazwa, akifunga vizuri kanga yake ya pili.

"Chuo, habari za asubuhi," Abdallah alisema. "Leo mama yako kapatikana."

"Kapatikana na nini?"

Abdallah alinyanyua chupa moja ya soda iliyofungwa kwa gunzi la hindi. Nipa ilikuwa imefika mpaka shingoni.

"Hii tu? Nimetafuta bomba mpaka darini. Hamna. Mmelificha wapi?"

Bi Mwanaisha aliendelea kufunga kanga yake. Bomba la shaba la kupikia nipa lilikuwa moja kwa kijiji kizima. Lilikatwa kutoka kwenye trekta la kijiji lililokufa mwaka wake wa kwanza, na tangu hapo lilizunguka nyumba hadi nyumba, siku mbili kila nyumba, likibebwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Jana jioni zamu ya Bi Mwanaisha ilikwisha. Abdallah alilijua hilo vizuri, maana zamu ya juma lililopita ilikuwa ya mke wake.

Alisema tu kwamba ameagizwa. Barua ilikuwa imetoka wilayani: kila kijiji kipeleke mpika gongo asiyepungua mmoja kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na kidhibiti. Kamati ya kijiji ilikuwa na watu ishirini na watano, na kila nyumba yenye mtungi ilikuwa na shemeji au mjomba ndani ya kamati hiyo. Bi Mwanaisha hakuwa na mtu.

"Mwaka jana yule wa kijiji cha pili alipata miezi sita," Abdallah alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba anatoa pole. "Lakini alikutwa na mapipa. Hii ni chupa moja. Labda minne."

Miezi minne ilikuwa msimu mzima wa korosho.

Stefano alilishusha debe akataka kusema neno, ila Bi Mwanaisha alimtangulia. Alimwuliza kama mwenyekiti ameshasaini. Alipojibu bado, alimfukuza: aende kabla mzee hajaenda shamba, na arudi ofisini mapema, kwa kuwa katibu hukaa asubuhi tu.

Mwenyekiti alikuwa anageuza korosho zake kwenye mkeka. Aliisoma barua aliyoiandika Stefano mwenyewe, maana ndivyo ilivyokuwa desturi: anayetaka barua huiandika, na wakubwa husaini. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akaomba liondolewe neno "kwa dhati" kwa kuwa hakulielewa, na Stefano akaiandika upya juu ya mgongo wa debe. Mzee akasaini. Alisema kijana amefanya kazi, na kwamba angempa mbegu za mihogo kama kule chuoni wangekuwa na mashamba. Kuhusu Bi Mwanaisha alisema amesikia, akaendelea kugeuza korosho.

Ofisi ya tawi ilikuwa chumba kimoja cha miti na udongo chenye bati jipya juu, meza, viti viwili, benchi, na kabati lililojaa vitabu vya kisomo cha watu wazima. Vitabu vilifika mwezi Machi. Walimu wa kuvifundishia hawakufika. Katibu wa tawi, Shabani, mtu wa makamo aliyevaa suti ya kaunda ya rangi ya chungwa, alikuwa amekifungua kimoja mbele yake. Alichana ukurasa mmoja kwa uangalifu kwa kufuata rula, akaweka tumbaku, akasokota, akaulamba ukingo. Sigara za pakiti zilikuwa hazijaonekana dukani tangu Septemba.

"Karibu Chuo. Kaa. Utavuta?"

"Nimeacha, Ndugu Katibu."

"Ndiyo tunayoyaandika humo, au siyo?" Alicheka, moshi ukamtoka puani. "Lete tuone."

Bi Mwanaisha alikuwa ameshakalishwa kwenye benchi, Abdallah amesimama mlangoni. Chupa ilikuwa juu ya meza, imefungwa kipande cha karatasi kwa uzi: Kidhibiti Na. 1. Stefano aliona kwamba nipa haikuwa tena shingoni. Ilikuwa mabegani.

Katibu aliisoma barua mara mbili. Alisema ni nzuri lakini imepwaya. Chuo Kikuu si watoto, wanataka kuona vitendo. Aongeze mstari mmoja: kwamba ameshiriki katika mapambano ya kijiji dhidi ya pombe haramu. Stefano alisema hakushiriki. Katibu alimtazama kwa upole.

"Utashiriki sasa hivi," alisema. "Mimi mwandiko wangu mbaya, na hakimu wa mjini anapenda mwandiko. Niandikie barua ya mashtaka ya huyu mama. Ukimaliza, nasaini zote mbili, napiga muhuri zote mbili, gari likija mnapanda wote. Wewe basi, yeye mahakamani. Kazi imekwisha."

Akasimama, akasema anakwenda kula. Kabla ya kutoka aliitwaa chupa, akaondoa gunzi, akanywa funda moja, akakunja uso. Alieleza kwamba lazima kuhakikisha ni pombe kweli, isije ikawa maji wakaaibika mbele ya hakimu. Abdallah aliitikia kwamba ni lazima.

Ofisini wakabaki watatu, na Abdallah baada ya muda akatoka kukaa kivulini. Kalamu ilikuwa ya Stefano, ya wino, zawadi ya baba yake siku alipochaguliwa kwenda chuo. Aliifungua, akaifunga.

"Andika," Bi Mwanaisha alisema kutoka kwenye benchi.

"Siwezi kuandika hayo."

"Usipoandika wewe ataandika Abdallah, na nitafungwa kwa mwandiko mbaya." Alinyoosha miguu yake mbele, akaitazama. "Umekaa hapa mwaka mzima unaing'ang'ania karatasi hiyo. Mimi nisingekuondoa kwenye chupa halafu nikuone unarudi nyuma kwa sababu ya chupa."

"Mwaka jana nilinunua kwako kila siku. Katibu naye. Leo nikuandike wewe peke yako?"

"Katibu hanunui. Katibu anachukua." Aligeukia mlango. "Korosho ulizoacha mlangoni umezianika?"

Alisema amezianika.

"Mvua ikianza mwambie mtu azifunike. Wasiziache zikaota."

Stefano akaandika. Aliandika tarehe, jina, umri wa kukisia, na kwamba alfajiri ya siku hiyo mtuhumiwa alikutwa nyumbani kwake na chupa moja ya pombe haramu ya moshi. Mwandiko ulikuwa mzuri. Kisha akachukua barua yake, na chini ya mstari wa mwenyekiti akaongeza sentensi ya mapambano. Zilikuwa karatasi mbili, za daftari moja, kwa mkono mmoja na wino mmoja. Alitafuna kipande cha tatu cha muhogo. Hakikumsaidia. Chupa ilikuwa umbali wa kiganja kutoka kiwiko chake, gunzi halikuwa limekazwa, na kwa joto la bati ilikuwa inapumua. Miezi tisa. Mate yalimjaa. Alihamia mwisho mwingine wa meza, akakaa huko mpaka katibu aliporudi saa tisa.

Katibu alirudi ameshiba na amehakikisha kwingine pia. Akasaini karatasi zote mbili bila kuzisoma. Akahakikisha tena mara mbili, na kila mara Abdallah aliitikia, ya tatu akapewa naye ahakikishe. Saa kumi kasorobo, Land Rover iliposikika ikiparamia mchanga wa mlimani, nipa ilikuwa katikati ya chupa.

Dereva, Paulo, mtu mnene wa kutoka bara, aliingia akifuta jasho, akasimama mlangoni.

"Ndugu Katibu, mimi silali huku. Wingu lile mnaliona? Leteni mtu wenu twende."

"Dakika moja. Muhuri tu."

Muhuri wa tawi ulifungwa kwa kamba pamoja na ufunguo wa kabati, na katibu hakumpa mtu mwingine aushike. Aliufungua, akaukandamiza kwenye kibati cha wino, akaugonga juu ya barua ya Stefano. Hakikutoka kitu. Akaugonga tena kwa nguvu, meza ikaruka. Pakabaki alama ya duara isiyo na rangi.

Wino wa muhuri ulikuwa haupatikani mkoa mzima tangu Juni. Kitambaa ndani ya kibati kilikuwa kimekauka kama gamba la samaki. Ila Namtende walikuwa wamegundua dawa: maji hayakuyeyusha wino ule mkavu, nipa iliuyeyusha. Matone mawili matatu, na muhuri ulisomeka kama mpya. Hivyo tangu Juni kila cheti cha kuhama, kila kibali cha kusafirisha mihogo, kila barua ya kijiji ilitoka ofisini humo ikinukia mabibo, na hakuna aliyeona ajabu.

"Tia matone matatu," katibu alimwambia Stefano akimsukumia kibati. "Kutoka kwenye hiyo hiyo. Mikono yangu imeshika muhuri."

Stefano aliichukua chupa, akaondoa gunzi. Harufu ilimpanda usoni, akafumba macho, kwa sekunde moja tu, na ndani ya sekunde hiyo alikijua kila kitu kilichokuwa chumbani: muhuri hewani ukisubiri, dereva akihema mlangoni, karatasi mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Bi Mwanaisha alikuwa ameshasimama na amejifunga kanga tayari kwa safari. Hakumtazama. Alikuwa anatazama nje, kwenye wingu.

Tone la kwanza lilidondoka kwenye kitambaa. La pili. Kitambaa kikageuka buluu.

Kisha Stefano akaiinamisha chupa mpaka mdomo wake ukagusa kibati, na akaiacha hivyo. Nipa ilibubujika, ikajaza kibati, ikamwagika mezani, ikaibeba rangi ya buluu juu ya barua ya mashtaka. Mwandiko mzuri ukavimba, ukaachana, ukatiririka kuelekea ukingo wa meza pamoja na jina la Bi Mwanaisha, ukadondokea sakafuni. Sakafu ya udongo ikanywa. Alingoja mpaka tone la mwisho, akaisimamisha chupa tupu mahali pake, na karatasi yake ya kidhibiti ikiwa bado shingoni.

Barua yake mwenyewe aliiondoa ikiwa imelowa ncha moja.

Katibu aliitazama chupa, akamtazama Stefano.

"Umefanya nini?"

"Mkono umetetemeka, Ndugu Katibu," Stefano alisema. "Ni mkono wa mlevi. Chuo Kikuu wameuandika kwenye kumbukumbu."

Katibu aliinua chupa tupu, akaitikisa mbele ya dereva wa wilaya. Abdallah, ambaye alikuwa amehakikisha mara moja zaidi ya alivyozoea, alijitolea kumsaidia.

"Nikimbie nikalete nyingine? Ile ya chini ya kitanda chako bado imejaa."

Paulo alicheka, kicheko kifupi, kisha akakohoa kukificha. Alisema yeye ameagizwa kuchukua mtuhumiwa na kidhibiti, na bila kidhibiti mjini hawampokei, watamrudisha naye usiku kwenye matope. Katibu amwandikie kwamba hakuna kidhibiti, asaini, yeye aondoke. Na kama ipo nyingine, aliongeza, basi aandike pia imetoka nyumba gani.

Katibu hakuandika kitu. Alimwambia Bi Mwanaisha aende nyumbani, akamwambia Abdallah atamwona baadaye. Bi Mwanaisha hakushukuru wala hakuaga. Alipita karibu na Stefano, akatia kitu kwenye mfuko wa shati lake, akatoka haraka kwa sababu mvua ilikuwa imeanza kugonga bati na korosho zilikuwa nje.

Stefano aliiweka barua yake mbele ya katibu. Sahihi mbili zilikuwapo. Hakuomba.

Katibu aliweza kuichana. Badala yake aliuzamisha muhuri kwenye kibati kilichofurika, akautoa ukichuruzika, akauweka katikati ya ukurasa na kuulalia kwa uzito wake wote. Alipouinua, palikuwa na dimbwi la buluu la ukubwa wa kiganja, halina jina la tawi wala la kijiji.

"Muhuri ndio huo," alisema. "Waambie umetoka kwetu."

Ndani ya Land Rover Paulo aliwasha taa, akapangusa kioo kwa kiwiko. Walipopita kijiji cha Ziwani mvua ilikuwa imebaki nyuma. Dereva alivuta pumzi mara mbili, akamgeukia.

"Bwana mdogo, umeanza mapema leo."

"Ni barua."

"Barua!" Paulo alicheka mpaka tumbo likagusa usukani. Alitoa pakiti iliyosagika, ya mjini, yenye sigara mbili, akamnyooshea. "Shika moja, uue harufu. Ukiingia nyumbani hivyo mzee atakuua."

Stefano alikataa kwa kichwa. Alitia vidole mfukoni akakuta vipande vitano vya muhogo mkavu, vimekatwa vidogo vidogo kwa kipimo cha mdomo. Alitafuna kimoja. Kisha akateremsha kioo, akaitoa barua nje, akaishika kwa mikono miwili kwenye upepo, ikipigapiga kama inataka kutoroka. Hatumii pombe wala tumbaku, ilisema, kwa mwandiko mzuri, juu ya lile dimbwi. Keshokutwa ingewekwa kwenye meza yenye vibati vya majivu, na mtu wa kwanza kuigusa angeisogeza puani.

Mpaka taa za bandari zinaonekana ilikuwa imekauka kabisa. Aliinusa. Harufu ilikuwa pale pale. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni pamoja na muhogo, na mkono wake haukutetemeka.